JIFUNZE KIINGEREZA: Tafuta Kitenzi Kwanza



Kama unayo chupa ya dawa ya kunyunyizia kahawa au maharage, ichukue. Usiifungue. Igeuze tu, usome maandishi yaliyo ubavuni. Mara nyingi utakuta maneno haya: "Keep out of reach of children."

Mtu aliyeanza kujifunza Kiingereza huyatazama maneno hayo, na jicho lake hukimbilia neno moja analolijua. Neno hilo ni "children". Anajua kwamba "children" ni watoto. Basi anasema, "Kumbe hii ni dawa ya watoto." Hapo amelielewa neno moja, lakini maana ameikosa kabisa. Sentensi hiyo inasema: Weka dawa hii mahali ambapo watoto hawawezi kuifikia.

Amekosea wapi? Ameshika nomino, akaacha kitenzi. Mwezi huu tutajifunza kuipasua sentensi ya Kiingereza, tuone kila neno lina kazi gani. Watu wengine hudhani kwamba somo hili ni la watoto wa sekondari, la kujibia mtihani tu. Mimi nasema ni la kila mtu mwenye chupa ya dawa nyumbani.

Sisi wa Karagwe na Kyerwa tunakutana na Kiingereza hata kama hatukukitafuta. Ukisimama Murongo unaiona Uganda ng'ambo ya mto Kagera. Kule mambo mengi ya serikali na ya viwanda huandikwa kwa Kiingereza. Bidhaa za huko huvuka mto zikafika Kaisho, Nkwenda, Omurushaka na Kayanga. Bidhaa nyingine hutoka Kenya na India, nazo zina Kiingereza vilevile. Chupa ikiwa na Kiswahili, soma Kiswahili chako, usijitese. Lakini ziko pakiti na magunia yenye Kiingereza kitupu, na huenda hata aliyekuuzia hajui yanasema nini.

Haya, chukua kalamu na daftari.

AINA ZA MANENO

Walimu wa Kiingereza huyagawa maneno katika aina nane. Usitishwe na hesabu hiyo. Aina hizo unazitumia tangu ulipoanza kusema, ila hukuambiwa majina yake. Soma sentensi hii ya Kiswahili:

Mkulima mzuri alipanda maharage mapema.

"Mkulima" na "maharage" ni nomino. Nomino hutaja mtu, kitu, mahali au jambo. Walimu wa zamani waliita jina. Mimi naona jina lilikuwa neno rahisi zaidi, lakini vitabu vya siku hizi vinasema nomino, na watoto wako shuleni ndivyo wanavyofundishwa. "Mzuri" ni kivumishi. Kivumishi hueleza nomino ikoje. "Alipanda" ni kitenzi. Kitenzi hutaja kinachotendwa. "Mapema" ni kielezi. Kielezi hueleza jambo lilitendwa lini, wapi, vipi au mara ngapi.

Sasa tuiseme sentensi hiyo kwa Kiingereza:

"The good farmer planted beans early."

"Farmer" ni mkulima, nomino. "Beans" ni maharage, nomino. "Good" ni mzuri, kivumishi. "Planted" ni alipanda, kitenzi. "Early" ni mapema, kielezi. Umeona jambo? Kwetu husema mkulima mzuri, nomino hutangulia. Waingereza husema "good farmer", kivumishi hutangulia. Tena kivumishi chao hakibadiliki. Sisi husema mkulima mzuri, wakulima wazuri. Wao husema "good farmer, good farmers". Neno "good" limebaki vilevile. Hilo ni jambo moja ambalo Kiingereza ni rahisi kuliko Kiswahili, nasi tulipokee kwa shukrani.

Neno "the" halina mwenzake katika Kiswahili. Liache kwanza. Tutalirudia, kwa maana lina msaada mkubwa.

Zimebaki aina nne. Kiwakilishi husimama mahali pa nomino: "I" ni mimi, "you" ni wewe au ninyi, "they" ni wao. Hapa pana jambo la kuangalia. "He" ni yeye mwanamume, na "she" ni yeye mwanamke. Kiswahili hakiwatengi hivyo. Basi ukipewa karatasi ya hospitali imeandikwa "She has malaria", na mgonjwa wako ni mtoto wa kiume, usiondoke. Uliza. Huenda umeshika karatasi ya mtu mwingine.

Kihusishi huonyesha jambo moja linahusianaje na jingine: "in" ni katika, "on" ni juu ya, "from" ni kutoka, "before" ni kabla ya, "after" ni baada ya. Kiunganishi huunganisha: "and" ni na, "or" ni au, "but" ni lakini. Aina ya nane ni kihisishi, kama "Oh!" ya mtu aliyeshtuka. Hiyo hutaikuta kwenye chupa ya dawa, tuiache.

Wala usifikiri kwamba mambo haya ni mali ya Waingereza. Runyambo nayo ina nomino zake na vitenzi vyake. Mtaalamu wa lugha Josephat Rugemalira wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika kitabu kizima cha sarufi ya Runyambo, kikatolewa mwaka 2005. Anayesema omuntu kwa mtu mmoja na abantu kwa watu wengi, huyo ameshajua jambo kubwa kuhusu nomino, hata kama hakuingia darasani.

NENO MOJA, KAZI MBILI

Sasa tumefika penye ugumu wenyewe.

Katika Kiswahili neno lenyewe hukuonyesha kwamba ni aina gani. Ukisikia "alipanda", hata ukiwa umelala nusu, unajua kwamba hicho ni kitenzi. Ile "a" ni mtendaji, ile "li" ni wakati uliopita, halafu inakuja "panda". Ukisikia "mmea" na "mimea", unajua kwamba hiyo ni nomino.

Kiingereza sivyo. Neno "plant" laweza kuwa mmea, na laweza kuwa panda. Halibadiliki hata herufi moja. Tazama:

"Plant the beans." Maana yake: Panda maharage. Hapa "plant" ni kitenzi.

"The plant is dry." Maana yake: Mmea umekauka. Hapa "plant" ni nomino.

Maneno ya namna hiyo ni mengi, na mengi yao ni ya shambani. "Water" ni maji, tena ni mwagilia maji. "Weed" ni gugu, tena ni palilia. "Spray" ni dawa inayonyunyiziwa, tena ni nyunyizia. "Dry" ni kavu, na hapo ni kivumishi. Lakini ukisoma "Dry the coffee in the sun", hapo ni kitenzi: Anika kahawa juani.

Tulitazame neno "store", kwa sababu hilo huwapoteza watu. Sisi tumelichukua tukalifanya stoo, chumba cha kuwekea mahindi na majembe. Basi mtu akiona kwenye pakiti "Store in a cool, dry place", anaona stoo. Anapeleka pakiti stoo, anaitupa juu ya magunia, amemaliza. Lakini "store" hapa si chumba. Ni kitenzi. Ni amri: Hifadhi. Hifadhi wapi? "In a cool, dry place", yaani mahali pasipo joto na pakavu. Kama stoo yako inavuja, au bati lake huwaka moto mchana, basi hukutii amri hiyo hata kidogo, ingawa pakiti iko stoo.

ALAMA ZA KUKUSAIDIA

Utajuaje basi kwamba neno ni nomino au ni kitenzi? Tazama mahali lilipokaa na majirani zake.

Kwanza lirudie neno "the" tuliloliacha. Ukiona "the", au "a", au "an", au "this", au "my", ujue kwamba nomino iko mbele, haiko mbali. Huenda kivumishi kikaingia katikati, kama katika "the dry coffee", lakini nomino inakuja. Kwa hiyo "the plant" haiwezi kuwa panda. Ni mmea.

Ukiona "to", mara nyingi kinachofuata ni kitenzi. "To" hapo ni sawa na "ku" ya Kiswahili na "oku" ya Runyambo. Sisi husema kulima, Runyambo husema okulima, na Mwingereza husema "to cultivate". Lakini "to Kayanga" ni habari nyingine. Hapo "to" ni kihusishi, maana yake ni kwenda Kayanga. Kayanga ni mahali, nayo hailimwi.

Tena tazama mkia wa neno. Mkia "ed" mara nyingi huonyesha kitenzi cha wakati uliopita, kama "planted". Mkia "ly" mara nyingi huonyesha kielezi, kama "slowly", polepole, na "daily", kila siku. Mkia "s" ni mjanja kidogo. Katika "The farmer sells bags", ile "s" ya "bags" inaonyesha wingi: magunia. Ile "s" ya "sells" si ya wingi. Inaonyesha kwamba anayeuza ni mmoja. Ndiyo maana sikushauri uutegemee mkia peke yake.

Alama kubwa kuliko zote ni hii. Amri ya Kiingereza huanza na kitenzi, na maandishi ya kwenye dawa karibu yote ni amri. "Shake" ni tikisa. "Keep" ni weka. "Wash" ni osha. "Wear" ni vaa. "Mix" ni changanya. "Take" kwenye dawa ya hospitali ni meza au kunywa. Basi shika kitenzi kwanza, ndipo uulize: nini, wapi, lini, mara ngapi?

Tujaribu maneno manne yaliyo kwenye dawa nyingi za maji: "Shake well before use."

"Shake" imekaa mwanzo. Ni kitenzi: tikisa. "Well" inafuata kitenzi. Ukiitafuta katika kamusi utakuta kwamba "well" ni kisima, na hiyo ni kweli, lakini hapa hapana kisima. Inaeleza utikise vipi. Ni kielezi: vizuri. "Before" ni kihusishi: kabla ya. Neno la mwisho ni "use". Kama ni kitenzi, maana yake ni tumia. Lakini limekaa baada ya kihusishi, nacho kihusishi hupenda kufuatwa na nomino. Basi hapa "use" ni nomino: matumizi. Hata sauti hubadilika. Likiwa nomino husomwa "yus", likiwa kitenzi husomwa "yuz". Sentensi yote inasema: Tikisa vizuri kabla ya matumizi.

Kwa nini utikise? Kwa sababu katika chupa ya namna hiyo dawa yenyewe hutuama chini na maji hukaa juu. Asiyetikisa hutumia dawa hafifu siku za mwanzo, na dawa kali mno siku za mwisho. Kama ni ya mtoto anayeumwa, yote mawili ni mabaya.

NENO DOGO "NOT"

Kiswahili hutia kukataza ndani ya kitenzi. Kula ni kula, na usile ni usile. Huwezi kuzichanganya. Kiingereza hukataza kwa neno la pembeni. "Eat" ni kula. "Do not eat" ni usile. Kitenzi "eat" hakikubadilika hata kidogo. Kazi yote imefanywa na neno "not", nalo lina herufi tatu tu. Likifutika kwa maji, au likikunjwa kwenye pembe ya gunia, amri imegeuka.

Na "do" je? Mtu aliyefundishwa kwamba "do" ni fanya husoma "do... eat", akadhani anahimizwa kula. Hapa "do" ni kitenzi kisaidizi. Kimekuja kulibeba neno "not", basi. Wakati mwingine mawili hayo huandikwa pamoja: "don't". Neno "never" nalo hukataza, tena kwa nguvu zaidi: kamwe. "No" hukataza pia, kama katika "No smoking", yaani hakuna kuvuta sigara.

Nitakueleza kisa cha kweli. Mwaka 1971 nchi ya Iraq iliagiza mbegu za ngano na shayiri kutoka ng'ambo. Ngano ilitoka Mexico. Mbegu hizo zilikuwa zimetiwa dawa yenye zebaki ili zisioze ardhini, na zilitiwa rangi nyekundu ili watu wajue kwamba si chakula. Onyo kwenye magunia liliandikwa kwa Kihispania na Kiingereza. Wakulima wa Iraq husema Kiarabu na Kikurdi. Tena mbegu ziliwafikia wakulima wengi wamekwisha kupanda. Basi nafaka ikakaa nyumbani, na watu wakaanza kusaga na kuoka mikate. Wengine waliosha rangi ikatoka, wakadhani sumu nayo imetoka. Sumu ya zebaki haikuwaumiza siku ileile. Ilikaa wiki kadhaa, ndipo watu wakaanza kufa ganzi, kuyumbayumba na kupoteza macho. Katika mwaka 1972 hospitali za Iraq zilihesabu wagonjwa 6,530 waliolazwa kwa sumu hiyo, na kati yao 459 walikufa. Waliokufa majumbani hawamo katika hesabu hiyo.

Mimi siwalaumu wakulima wale. Aliyepeleka sumu kwa watu na kuiandikia onyo kwa lugha wasiyoijua ndiye mwenye kosa. Lakini sisi hatuwezi kungoja kila mwenye kiwanda ajifunze adabu. Mbegu za mahindi zinazouzwa madukani leo nazo hutiwa dawa na rangi. Ukiona kwenye mfuko "Do not use for food", sasa unaweza kuipasua mwenyewe. "Use" ni kitenzi: tumia. "Do not" inakataza: usitumie. "For" ni kihusishi: kwa. "Food" ni nomino: chakula. Mwenye kuona "food" peke yake atasema ni chakula. Na kuosha rangi hakuondoi sumu.

MANENO MENGINE MADOGO

Kwenye dawa ya kuchua maumivu utakuta "For external use only." Sentensi hii haina kitenzi, ndiyo maana inasumbua. "Use" hapa ni nomino, matumizi. "External" ni kivumishi, ya nje. "Only" ni kielezi, tu. Yaani: Kwa matumizi ya nje ya mwili tu. Ni dawa ya kupaka, si ya kunywa. Neno "only" limekaa mwisho kama lililosahauliwa, lakini ndilo linalofunga mlango.

Angalia pia "and" na "or". "Wear gloves and a mask" inakutaka uvae glavu na barakoa, vyote viwili. Kama ingekuwa "or", ungechagua kimoja. Na "Take one tablet twice daily after meals" ina kitenzi kimoja, "take", na vielezi viwili vinavyokifuata: "twice", mara mbili, na "daily", kila siku. "Meals" ni nomino, milo. Hivyo ni kidonge kimoja mara mbili kwa siku, baada ya kula. Si vidonge viwili kwa mara moja. Mtu akiruka "one" akashika "twice", atakosea dozi.

ZOEZI

Andika sentensi hizi tatu katika daftari lako. Piga mstari chini ya kitenzi. Kisha andika chini ya kila neno kama ni nomino, kivumishi, kielezi, kihusishi au aina nyingine. Mwisho iandike sentensi yote kwa Kiswahili.

1. "Wash your hands well after work."

2. "Do not mix this spray with milk."

3. "Water the young plants with clean water."

Ukikwama, muulize mwalimu wako wa kisomo, au mtoto wako aliye sekondari. Usione haya kumuuliza mtoto. Majibu tutayatoa mwezi ujao. Katika sentensi ya tatu neno "water" limetokea mara mbili. Moja ni kitenzi na moja ni nomino. Lipi ni lipi, na umejuaje?